Inshallah ya Abdullahi

Vijana wa karakana, na ninyi mliooa juzi juzi ambao mkija kanisani mnabeba watoto kama mayai, sogeeni. Mmeniomba mara nyingi niwaandikie mambo ya kazi yetu ya visima, nami nimekuwa nikiwapiga chenga, maana mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Lakini mwezi jana yamenipata mambo ambayo nikiyanyamazia nitapasuka. Kwa hiyo leo naandika. Nitaandika kwa fujo, kwa sababu ndivyo ninavyokumbuka.

Mimi ni Mutua. Nilizaliwa upande wa Mwingi, nikaja Garissa nikiwa kijana mwenye suruali mbili, nami nimestaafu nikiwa hapa hapa. Wenyeji huwaita watu kama mimi "waliotoka Kenya", kana kwamba ukivuka daraja la Tana umeingia nchi nyingine. Nimeshusha pampu visimani kuanzia Bura hadi Hadado, na hakuna kitu duniani, narudia, hakuna kitu kinachofanana na ile dakika maji yanapotoka. Kwanza bomba linakohoa. Linapiga hewa. Linatema tope jekundu. Kisha linanyamaza kabisa. Halafu, mwaaa! Maji! Ngamia wanajua kabla yako, wanaanza kulia wakiwa bado mbali, kina mama wanapiga vigelegele, watoto wanajitosa chini ya bomba na nguo zao. Nimeiona dakika hiyo mara nyingi, na kila mara nimeruka kama mwendawazimu.

Basi nianze na aibu zangu, maana najua ndizo mnazozitaka.

Nilipokuwa bado mgeni wa kazi nilitumwa Bura, hii ya Fafi, kuweka pampu mpya. Nikashusha, nikafunga kebo, nikawasha jenereta. Pampu ikanguruma vizuri kabisa, lakini maji yakatoka kama mkojo wa mtoto. Nikakagua bomba, sawa. Kina cha maji, sawa. Nikaamua hivi ni vita vya kiroho. Msicheke! Nilikuwa nimeokoka mwaka ule ule, moto kweli kweli, na kwangu kila kitu kilikuwa vita vya kiroho, hata gurudumu likipata pancha. Nikafunga kula siku mbili. Nikakizunguka kile kisima nikiomba kwa sauti, na wazee wa Bura wakanipisha kwa heshima, maana huku mtu anayeomba hasumbuliwi.

Siku ya tatu akafika Fundi Bare. Huyu ndiye aliyenilea kikazi: Msomali mrefu, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, mtu wa swala tano na utani usioisha. Hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya bomba, akafumba macho, akasikiliza. Akazima jenereta, akachukua bisibisi, akabadilisha nyaya mbili kati ya zile tatu, akawasha. Maji yaliruka yakaniondoa kofia.

"Bampu ilikuwa inazunguka nyuma," akasema, kwa ile p yao inayogeuka b. "Wewe umeomba siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili umeomba Mungu ashike bisibisi?" Alicheka hadi akakaa chini kwenye tope. "Waryaa Mutua, ile kitu iko kwa mkono yako, fanya. Ile haiko kwa mkono yako, hiyo ndiyo uombe."

Pampu ya nyaya tatu ikinguruma bila kutoa maji ya kutosha, badilisheni nyaya mbili kabla ya kumsingizia shetani. Hilo liandikeni ukutani.

Siku hizi mna raha, na siwaonei wivu, au labda kidogo. Kisima kina sola, jua likipanda maji yanapanda, na ninyi mnakaa ofisini mnaangalia kina cha maji kwenye simu. Sisi tulipima kwa kamba yenye mafundo na jiwe dogo. Unaachia jiwe, unahesabu, unasikia "chubwi" kutoka chini huko, na ukiwa na mafua siku hiyo kazi imeharibika. Tuliwasha injini za dizeli kwa mkono wa chuma ambao ukikurudishia unavunjika kiwiko. Lakini kuna jambo moja ambalo sola haijalibadilisha, nalo ni klampu. Mnajua, au mtajua: unashusha bomba moja, unalibana kwa klampu mdomoni mwa kisima ili uzito wote uning'inie pale, unaunga bomba la pili juu yake, unalikaza, cheni ya kuinulia inabeba uzito, ndipo unafungua klampu na kushusha tena. Usifungue klampu kabla cheni haijakaza. Mimi nilifungua mara moja tu. Mabomba kumi na manane pamoja na pampu yalikwenda chini mbele ya macho yangu kwa kelele ambayo naisikia mpaka leo, na tulikaa siku tisa tukivua kwa ndoano. Fundi Bare hakunikemea. Alininyima utani siku zote tisa, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko matusi.

Sasa njooni Hadado, kwa sababu yote ninayotaka kuwaambia yanapitia hapo.

Ilikuwa kiangazi kikali, pampu ya kisima imeungua, na wafugaji wamekusanyika na ngamia wasiohesabika. Tulifika na lori alasiri, tumebeba pampu mpya. Mzee mmoja mwenye fimbo mabegani akaniuliza, "Fundi, maji itatoka lini?"

Nikatoa kifua mbele. Nilikuwa nimeshajifunza mambo ya nyaya, najiona bingwa. "Kesho saa nne asubuhi maji yanatoka. Mimi ndiye ninayekwambia."

Mzee akatazama wenzake. Wakaondoka. Baada ya muda mfupi nikaona ngamia wanapigishwa magoti, wanapakiwa mizigo. Watu wanahama! Nikamkimbilia Mama Halima, yule mjane aliyekuwa akitupikia chai kila tukifika Hadado.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Kutafuta maji bahali ingine."

"Lakini nimewaambia kesho saa nne!"

"Haa. Ndiyo sababu wanaenda." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Wewe hukusema inshallah. Mtu akisema kesho na hasemi inshallah, huyo hajui kazi, ama hajui Mungu. Hao wote wawili, sisi hatuwezi kungojea."

Nilikuwa nimejiapiza kutolitamka neno hilo. Niliona ni la dini nyingine, na zaidi ya hapo sisi tuliotoka Kenya tulikuwa na tafsiri yetu: ukiomba kitu ukajibiwa inshallah, jua umenyimwa kwa upole. Nililiona ni neno la kukwepa. Fundi Bare alikuwa ameegemea lori anasikiliza yote. Akasema tu, "Na kitabu yako inasema aje juu ya kesho?" Nikaingia garini, nikafungua Biblia yangu, nikatafuta. Wacha! Mtume amewakemea waziwazi wale wanaopanga kesho yao kwa majigambo bila kumtaja Bwana. Yaani nilikuwa nimepita pale mara ngapi bila kuona?

Nikapanda juu ya lori nikapaza sauti, "Kesho saa nne, inshallah!" Vicheko vilipasuka kila upande. Yule mzee alinyanyua fimbo juu. Ngamia wakapakuliwa mizigo, na kesho yake maji yakatoka saa tano. Hakuna aliyenilaumu kwa ile saa moja.

Tangu siku hiyo nililisema neno lile kila kisima. Nikiwa na Wakristo wenzangu nilisema "Mungu akipenda", nikiwa na wafugaji nilisema inshallah, na watu walinipenda. Lakini ukilisema neno miaka thelathini huku maji yanatoka karibu kila mara, neno linabadilika mdomoni bila wewe kujua. Kwangu lilikuwa limegeuka kuwa muhuri. Nikisema inshallah, maana yake ni kwamba nimeshakagua kila kitu na maji yako njiani. Mwanzo nilidhani ni hapana, mwisho nikadhani ni ndiyo, na hata siku moja sikulisikia kwa maana yake yenyewe. Shikeni hapo.

Mwende ni binti yetu wa pekee. Tulimpata tukiwa tumengoja miaka saba, mama yake akiwa ameshaanza kugawa nguo za mtoto alizokuwa amenunua. Amekulia hapa Garissa. Alicheza kamba na mabinti wa Abdullahi, jirani yangu, ambaye Mwende humwita adeer, yaani ami, na ambaye pia alikuwa fundi mwenzangu kabla hajapandishwa ofisini. Anaongea Kisomali vizuri kuliko Kikamba, na bibi yake wa Mwingi hajatusamehe. Miaka ile mibaya ya mashambulizi, wengi waliotoka Kenya walipokuwa wakifunga virago, mimi na Mama Mwende tulikaa chini tukaomba, tukabaki. Watu wa kanisa walinitaja kama mfano. Mzazi akiwa na hofu alitumwa kwangu, nami nilimwambia, "Mwachie Mungu mtoto wako, Yeye ndiye mwenye kisima." Nililipenda sana neno hilo. Nililitoa kwenye harusi, kwenye maombi ya mitihani, hata kwenye matanga.

Mwende akasomea ufundi wa maji. Nani alimwambia? Mimi sikumwambia! Nilitaka awe mhasibu. Lakini alikuwa ameshikilia tochi yangu tangu akiwa darasa la tatu, na kitu kinachokuingia namna hiyo hakitoki. Akahitimu, akarudi, akapata kazi pale pale kwenye ofisi yetu ya zamani. Nilitembea mjini siku hiyo kama niliyeshinda uchaguzi.

Kisha mwezi jana, siku ya Jumatatu, akaingia ndani na barua mkononi, macho yanawaka.

"Baba! Mama! Nimepewa timu ya Habaswein! Tutakuwa tunashughulikia visima vya huko mpaka Hadado! Tunaondoka Alhamisi ya wiki ijayo!"

Mama yake akapiga kigelegele. Mimi nikasema, "Vizuri sana, mwanangu."

Niliogopa, vijana. Sitazunguka. Ile barabara naijua. Kuna sehemu magari husubiriana ili yaongozane na askari, na mimi mwenyewe nimewahi kulala kifudifudi chini ya lori nikihesabu pumzi zangu huku risasi zinapita. Nilipokuwa mimi ndiye ninayekwenda, nilimwamini Mungu bila taabu. Kumwamini Mungu juu ya kisima nako ni rahisi, kisima hakikuiti baba. Lakini huyu alikuwa Mwende.

Jumatano nikaenda ofisini kwa Abdullahi, maana yeye ndiye anayepanga timu. Akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Nikashusha sauti. Nikamwambia kwamba pale stoo ya Garissa kuna nafasi ya mtu wa kuhesabu koki na viungio, kwamba Mwende ana mwandiko mzuri, kwamba si lazima yeye mwenyewe ajue nimekuja.

Abdullahi alizungusha kikombe chake muda mrefu. "Mutua," akasema, "unataka nibadilishe hiyo barua?"

"Nakuomba kama ndugu."

Akashusha pumzi. "Inshallah, Mutua. Inshallah."

Nikatoka pale mwepesi kama niliyetua gunia la saruji. Imekwisha! Muhuri umepigwa! Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, mimi mzee wa kanisa, nikatoa ushuhuda: "Mwenyezi anamtuma binti yangu kaskazini, nami nimemkabidhi mikononi mwa Bwana." Watu wakasema amina. Mama mmoja alilia. Na mimi nimesimama pale nikijua vizuri kabisa nimemkabidhi mikononi mwa Abdullahi. Hata sasa naona haya kuliandika hilo, lakini nimeliandika, lisomeni.

Jumanne nilivaa viatu niende nikamkumbushe Abdullahi, kwa kuwa barua mpya ilikuwa haijaja. Nilifika getini kwangu, nikasita. Nikajiambia, mtu mzima ameshasema inshallah, ya nini kumsumbua? Nikavua viatu, nikaenda kumzibia jirani mwingine tangi linalovuja. Jumatano Mwende anapanga begi, mimi nachekea moyoni. Alhamisi asubuhi lori la timu likaja na honi. Bado nachekea, nikidhani dereva ameleta ile barua. Dereva hakuleta barua. Alipakia begi. Mwende akanikumbatia, akaruka juu na ovaroli yake mpya, akapunga mkono mpaka lori likapotea kwenye vumbi. Mimi nimesimama barabarani mdomo wazi.

Nikaenda kwa Abdullahi moto, sikubisha hodi.

"Uliniambia inshallah!"

"Haa, nilisema."

"Na hukufanya kitu!"

"Nilisema akibenda Mungu. Sasa amebenda ile ingine." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mutua, kaa chini. Miaka yote tulikuwa na wewe, Hadado, Bura, kila mahali, ulikuwa unaambia watu inshallah. Ulikuwa unawaambia nini?"

Nilikaa kwenye kile kiti nikitazama sakafu. Mtu wa dini nyingine ameniuliza swali moja, na ushuhuda wangu wa Jumapili ukaporomoka wote.

"Binti yako nimemweka na dereva wangu mzuri na mafundi wawili wazee," akaendelea kwa upole. "Ile iko kwa mkono yangu nimefanya. Na kuna kitu kingine, lakini hiyo uulize Mwende mwenyewe. Mimi si mdomo wake."

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mama Mwende kila kitu. Mnajua alifanya nini? Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. "Nilishangaa," akasema, "mbona umelala usingizi mzuri wiki nzima."

Jioni ya Alhamisi tulipata ujumbe mmoja: wamefika Habaswein salama, kesho asubuhi wanaelekea Hadado. Baada ya hapo, kimya. Ijumaa, simu haipatikani. Jumamosi, haipatikani. Abdullahi akatuma habari kwamba mnara wa Hadado umezima, tusiwe na wasiwasi. Tusiwe na wasiwasi! Nilipanga kukodi gari. Nilipanga kumpigia kila mtu ninayemjua njia nzima. Nilifungua kisanduku changu cha spana nikazipanga kwa ukubwa, nikazimwaga, nikazipanga upya. Halafu nikapiga magoti pale pale sebuleni mchana, nikaanza kuomba kama ninavyomwombea siku zote: Bwana, dereva apite njia fulani, wasisimame mahali fulani, wafike kabla ya saa nane. Nikajisikia. Nilikuwa nampa Mungu ratiba ya kazi, kama ninavyompa kibarua.

Nikaiacha ile ratiba. Mwishowe nikasema, "Ni wako. Alikuwa wako ile miaka saba kabla hatujampata. Naogopa, lakini ni wako." Nikalia vibaya, na Mama Mwende akaja akapiga magoti kando yangu na mikono yake ina unga wa mchele. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Hofu haikuondoka yote. Lakini niliweza kula chakula cha mchana, na tangu Alhamisi sikuwa nimeweza.

Jumapili tumetoka tu ibadani, simu ikalia. Mwende!

"Baba! Babaaa! Yametoka! Mabomba ishirini na tisa, Baba, na mimi ndiye nilikuwa kwa klampu! Pampu imeshika mara moja! Sikia, sikia!" Akageuza simu, na nikasikia. Nikasikia maji yakipiga tangi, nikasikia ngamia, nikasikia kina mama wa Hadado. Niliruka pale uwanjani mwa kanisa na suti yangu, mzee mzima, nikipiga kelele "Maji! Maji!", watu wakatoka ndani kuona kuna nini. Mama Mwende akanivuta koti, nami nikaendelea kuruka.

Mwende akarudi hewani akihema. "Kina mama wa hapa wananiita abaayo, dada yao, wamenimwagia maji mpaka ndani ya buti! Baba, uko?"

Ningeweza kuachia hapo. Raha ilikuwa tele. Lakini nilikuwa nimeshachoka kubeba siri ile.

"Mwende," nikasema, "nilikwenda kwa Abdullahi. Niliomba barua yako ibadilishwe ubaki stoo. Kisha nikasimama kanisani nikadanganya. Nisamehe, mwanangu."

Niliyasikia maji peke yake.

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Adeer Abdullahi aliniita siku ile ile ulipotoka. Akaniambia, baba yako anataka hivi, wewe unataka nini? Nikamwambia anipe mpaka Alhamisi niombe." Sauti yake ikapungua. "Sikutaka kukukosea heshima. Na pia sikutaka kubaki stoo. Nilichanganyikiwa, Baba, mbaya sana. Kwa hiyo nikamwambia Mungu hivi: Baba akirudi kwa adeer mara ya pili kabla lori halijaondoka, basi ameamua kweli, nitamtii, nitahesabu koki. Asiporudi, naenda. Kila siku nilikuwa nampigia adeer simu namuuliza, Baba amekuja? Ananiambia, hajakuja."

Nilishika ukuta wa kanisa.

"Jumanne nilikuona umevaa viatu," akasema. "Nilikuwa nakuchungulia dirishani. Ulifika getini. Nikafumba macho, nikasema, sawa Bwana, nitabaki. Nilipofumbua ulikuwa unavua viatu. Baba, ni nini kilikurudisha?"

Vijana, nimewaambia hapo juu ni nini kilichonirudisha. Sikurudishwa na imani. Nilirudi kwa sababu nilidhani rafiki yangu ameshanikubalia nilichotaka. Ningelielewa neno lile kwa maana yake halisi, ningekwenda ofisini mbio, na binti yangu angekuwa stoo mpaka leo akihesabu viungio kwa kunitii. Mungu alichukua ujinga wangu wenyewe akaufunga nao mlango niliokuwa nauvunja. Nilimweleza Mwende hivyo hivyo, nikigugumia, na alipoelewa alicheka! Alicheka mpaka akakosa pumzi, nami nikaanza kucheka huku machozi yananitiririka, na kina mama wa kanisa wakaanza kunongonezana kwamba mzee Mutua leo amepatwa na nini.

"Baba," akasema alipotulia, "Jumatano kuna kisima kingine. Ni mbali zaidi, na kule hakuna mtandao kabisa, labda siku tano. Wamesema anayetaka ajitolee. Nilikuwa nangoja nikuulize."

Nikasikia ile hofu ikiinuka tena. Nikaiacha ikae.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Sasa ngoja nikupe mama yako, anataka kujua umekula nini."